Nyekundu Hii Ina Maana Gani? Mwongozo wa Kusoma Rangi za Picha za Setilaiti, Tana River na Garsen

Nyekundu kwenye ramani ya Garsen inaweza kuwa mpunga uliostawi, au kijiji kilichoingiliwa na maji, au sehemu ambayo mchora ramani ameamua kuiita hatari. Zote tatu ni sahihi, kila moja katika picha yake. Tatizo huanza picha hizo zinapokutana kwenye simu moja, kama inavyotokea kila Mto Tana unapovunja kingo: moja imetoka kwa shirika la misaada, nyingine kaunti, nyingine imepigwa picha ya skrini hadi maelezo yake yakakatika njiani.

Makala haya ni ya wale wanaolazimika kuamua jambo kwa kutazama picha hizo: wanakamati wa mafuriko, machifu na wazee wa vijiji, viongozi wa wakulima na wafugaji, walimu na wanahabari kutoka Hola hadi Kipini. La kushika ni moja. Rangi ya picha ya setilaiti imechaguliwa: kuna mtu au programu iliyoamua namba ipi ivishwe rangi ipi. Ukiujua uamuzi huo, picha inasomeka. Usipoujua, usiitumie kuamua nani ahame na nani abaki.

Picha ni namba

Picha ya kidijitali imegawanywa katika viraba vidogo viitwavyo pikseli, na kila pikseli imebeba namba. Skrini ya simu hutumia mfumo wa RGB, yaani nyekundu, kijani na buluu, kila moja ikiwa na kiwango cha kuanzia 0 hadi 255. Zote zikiwa 0 unaona nyeusi. Zikifika 255 unaona nyeupe. Nyekundu na kijani zikiwaka pamoja bila buluu unaona manjano. Kwa kuchanganya viwango hivyo, skrini hutoa rangi zaidi ya milioni 16.

Mbinu hii ina umri mkubwa. Mwaka 1861, mwanasayansi James Clerk Maxwell alionyesha mjini London picha ya rangi iliyotokana na picha tatu zisizo na rangi, kila moja ikiwa imepigwa kupitia kichujio chake: chekundu, cha kijani na cha buluu. Setilaiti za leo zinafanya vivyo hivyo. Sentinel-2 ya Ulaya hupiga picha 13 za eneo moja kwa wakati mmoja, kila moja ikipima aina yake ya mwanga, na kila moja peke yake ni ya kijivu tu. Picha hizo huitwa bendi, na kila moja ina namba yake, kama B4. Rangi huja baadaye, bendi tatu zinapopangwa kwenye nafasi tatu za skrini.

Ni vizuri pia kujua ukubwa wa pikseli. Bendi kuu za Sentinel-2 zina pikseli ya mita 10 kwa 10, kwa hiyo shamba la ekari moja lina takriban pikseli 40. Kwa Landsat ya Marekani, yenye pikseli ya mita 30 kwa 30, ekari hiyo hiyo haifiki hata pikseli 5. Mtu akikuonyesha nyumba moja moja zilizozama na kudai picha ni ya Sentinel-2, muulize tena.

Mipangilio mitatu utakayokutana nayo

Kamera ya setilaiti huona hata miale isiyoonekana na jicho la binadamu, ikiwemo infraredi. Majani mabichi huirudisha infraredi kwa wingi, maji safi huimeza karibu yote. Kwa kuwa skrini ina nafasi tatu na bendi ni nyingi, hapa ndipo uchaguzi unapofanyika.

*Rangi halisi, B4-B3-B2.* Nyekundu inawekwa kwenye nyekundu, kijani kwenye kijani, buluu kwenye buluu. Picha inafanana na unachokiona ukiwa kwenye ndege: Tana ya kahawia, mikoko ya kijani kizito upande wa Kipini, nyika ya rangi ya udongo. Ni rahisi kuisoma, lakini maji ya tope yaliyosambaa shambani yanaweza kufanana kabisa na udongo mkavu.

*Rangi ya infraredi, B8-B4-B3.* Infraredi imewekwa kwenye nafasi ya nyekundu. Mimea hai inakuwa nyekundu: msitu wa kando ya mto, miembe ya Ngao, mpunga uliokwisha kufunga majani. Maji safi yanakuwa meusi. Maji ya tope yanakuwa samawati, kwa sababu tope hurudisha mwanga mwekundu na wa kijani, na miale hiyo katika mpangilio huu imehamishiwa nafasi za kijani na buluu.

*Rangi ya SWIR, B12-B8A-B4.* SWIR ni infraredi ya mawimbi marefu kuliko ile ya B8. Hapa mimea ni ya kijani, ardhi tupu ni ya kahawia au wekundu uliofifia, na maji ni meusi au buluu iliyokolea. Mpangilio huu unafaa sana kutafuta maji, ingawa pikseli yake ni ya mita 20.

Kwa hiyo mtu akikuambia "angalia sehemu nyekundu", swali la kwanza ni: kwa mpangilio upi? Katika ule wa pili, nyekundu ni habari njema.

Tope la Tana linavyodanganya kipimo cha maji

Badala ya kutegemea jicho, wataalamu hutumia hesabu. Kipimo kinachojulikana zaidi ni NDWI, kilichopendekezwa na McFeeters mwaka 1996: chukua mwanga wa kijani, toa infraredi, kisha gawanya kwa jumla ya hizo mbili. Jibu likizidi sifuri, pikseli inahesabiwa kuwa maji.

Tufanye mfano. Maji safi yanarudisha kijani 0.10 na infraredi 0.03: jibu ni 0.54, maji bila shaka. Mpunga uliostawi unarudisha kijani 0.08 na infraredi 0.40: jibu ni hasi 0.67, si maji. Sasa chukua maji mazito ya mafuriko, yanayorudisha kijani 0.14 na infraredi 0.12. Jibu linashuka hadi 0.08. Tope likiongezeka kidogo tu, kompyuta itasema pale ni nchi kavu, na shamba lililozama litaachwa nje ya ramani.

Dawa yake ni kubadilisha infraredi kwa SWIR, ambayo humezwa na maji hata yakiwa na tope. Tukiweka SWIR ya 0.03, jibu linapanda hadi 0.65. Kipimo hiki huitwa MNDWI. Ukipewa ramani ya mafuriko ya Tana, uliza ni kipi kati ya hivyo viwili kilichotumika.

Kivuli cha wingu na mfumo wa HSV

RGB ina udhaifu mmoja: mwangaza na rangi vimefungwa pamoja. Kivuli cha wingu kikipita juu ya mto, namba zote tatu zinashuka, na kompyuta inadhani imeona kitu kingine. Mfumo wa HSV hutenganisha mambo hayo. H ni aina ya rangi, inayopimwa kwa nyuzi 0 hadi 360. S ni jinsi rangi ilivyokolea. V ni mwangaza.

Tuseme pikseli ya maji karibu na daraja la Idsowe ina RGB ya 152, 116, 80. Kwa HSV ni nyuzi 30, ukolezi asilimia 47, mwangaza asilimia 60. Kivuli kinaifunika na namba zote zinapungua nusu: 76, 58, 40. Kwa macho ya RGB hii ni rangi nyingine. Kwa HSV bado ni nyuzi 30 na asilimia 47. Kilichobadilika ni mwangaza tu, umeshuka hadi asilimia 30. Programu iliyoambiwa kutafuta kahawia ya nyuzi 30 itayapata maji hayo juani na hata kivulini. Kivuli halisi huongeza ubuluu kidogo, kwa hiyo wachambuzi huacha nafasi ya nyuzi chache huku na huku.

Njia hiyo hiyo inafaa kwa picha za droni na za simu, kwa mfano kutenga majani yaliyoanza kugeuka manjano kwenye shamba la mpunga ambalo nusu yake imefunikwa na kivuli cha miembe.

Wingu likifunga kabisa: rada

Hakuna hesabu ya rangi itakayoona ndani ya wingu zito. Hiyo ni hali ya kila kamera ya mwanga, iwe Sentinel-2, Landsat au Taifa-1 ya Kenya iliyorushwa 15 Aprili 2023. Hata hivyo Garsen ina nafuu yake: mara nyingi mvua hunyesha Aberdare na Mlima Kenya, mabwawa ya Seven Forks yanafurika, na maji hufika huku chini siku kadhaa baadaye, wakati mwingine chini ya anga jeupe.

Anga likifunga, kama ilivyokuwa kwa siku nyingi mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, hutumika rada ya Sentinel-1. Rada hutuma mawimbi yake yenyewe, hupenya wingu na hufanya kazi hata usiku. Maji yaliyotulia huyaelekeza mawimbi kwingine, kwa hiyo yanaonekana meusi. Wachambuzi huchukua picha mbili: ya kabla ya mafuriko huiweka kwenye nyekundu, ya wakati wa mafuriko huiweka kwenye kijani na buluu. Palipokuwa pakavu na sasa pana maji panabaki na nyekundu pekee. Hii ndiyo nyekundu ya hatari, kinyume kabisa na nyekundu ya mimea. Mto wenyewe, uliokuwa maji katika picha zote mbili, unabaki mweusi.

Tahadhari moja: chini ya msitu au mikoko, mawimbi yanayopenya majani hugonga maji kisha shina la mti na kurudi kwa nguvu, kwa hiyo maji hayo yanang'aa badala ya kuwa meusi. Msitu wa kando ya mto unaweza kuwa umejaa maji na ramani isionyeshe.

Mathenge na kiangazi

Kwa wafugaji, faida kubwa ya rangi ya infraredi iko kwenye mathenge, mti uliopandwa katika skimu za Bura na Hola kwa ajili ya kuni na kisha ukasambaa ukiziba malisho na njia za mifugo kwenda mtoni (malka). Mathenge hubaki na majani kiangazi. Chagua picha ya mwisho wa kiangazi: nyasi na vichaka vingi vimekauka na vimepoteza wekundu wake, mathenge bado ni mekundu. Picha ya masika haifai, kwa sababu kila kitu kimechipua. Msitu wa asili na miembe navyo hubaki vyekundu, kwa hiyo anayejua mahali pa kila malka na kila shamba lazima akae kando ya anayeshika kompyuta.

WhatsApp, printa na fotokopi

Safari ya picha haiishii kwenye skrini, na kila kituo kina mfumo wake wa rangi.

Picha za JPEG huhifadhiwa kwa mfumo wa YCbCr, unaotenga mwangaza na rangi. Kwa kuwa jicho huona mwangaza kwa ukali kuliko rangi, programu hupunguza taarifa za rangi ili faili iwe ndogo. Uso wa mtu hauathiriki sana. Ramani ambayo mstari mwembamba wa rangi ndiyo habari yenyewe, huathirika. Itume kama faili ya hati, usiitume kama picha ya kawaida.

Printa hutumia CMYK: samawati, waridi iliyokolea, manjano na nyeusi. Wino hauwezi kutoa kila rangi ya skrini, hasa buluu na kijani zinazong'aa. Chapisha nakala moja kwanza uilinganishe na skrini.

Hatari kubwa zaidi ni fotokopi nyeusi na nyeupe. Kanuni inayotumika sana ya kugeuza rangi kuwa kijivu huchukua 0.299 ya nyekundu, 0.587 ya kijani na 0.114 ya buluu. Nyekundu kamili ya 255 inakuwa kijivu cha 76. Kijani cha 130 nacho kinakuwa kijivu cha 76. Ramani iliyotenganisha "hama" na "salama" kwa rangi hizo mbili inafika barazani ikiwa na kijivu kimoja. Wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, wengi wao wanaume, hupata shida hiyo hata kwenye nakala ya rangi. Weka mistari ya mshazari sehemu ya hatari, na uandike neno lenyewe juu yake.

Kabla ya kuitumia picha

1. Tafuta tarehe ya picha. Mafuriko ya juzi si ya leo.
2. Uliza setilaiti gani, na pikseli ya mita ngapi.
3. Uliza mpangilio wa bendi au kipimo: B8-B4-B3, NDWI, MNDWI, au rada ya tarehe mbili.
4. Jaribu mwenyewe. Copernicus Browser huonyesha picha za Sentinel bure kwenye intaneti. Tafuta Garsen, chagua tarehe isiyo na mawingu mengi, kisha badilisha mipangilio uone eneo lile lile likibadilika rangi. Ukihitaji uchambuzi wa kina, QGIS ni programu ya bure.
5. Chagua sehemu unazozijua kwa hakika, kama daraja, skuli au shamba lako, na uone ramani inasemaje kuzihusu. Ikikosea hapo, usiiamini kwingine.
6. Piga simu kwa mtu aliye pale. Wakazi wa Ozi au Tarasaa watajua maji yamefika wapi kabla setilaiti haijapita tena.

Ramani isiyo na tarehe wala ufunguo wa rangi irudishwe kwa aliyeituma, ajaze vyote viwili, ndipo ibandikwe kwenye ubao wa chifu.