Askari wa Barabarani na Madereva wa Thailand
Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Uraia alitugawia kila mmoja nchi moja ya mbali, akatutaka tueleze jinsi sheria moja ya nchi hiyo inavyotiiwa au isivyotiiwa, na sababu zake. Mimi nilipata Thailand, nchi ya Asia ambayo mpaka mwaka 1939 ikiitwa Siam. Nikachagua sheria ya barabarani. Nilidhani kazi itakuwa nyepesi, maana huko nako magari hupita upande wa kushoto kama kwetu, na pikipiki ni nyingi kama siafu. Lakini kadiri nilivyosoma niliona kwamba jambo lenyewe halihusu magari sana, lahusu heshima. Baadhi ya wenzangu walionisikia darasani waliniomba niyaandike hapa, nami nimekubali.

Kwanza yafaa msomaji ajue ukubwa wa msiba wenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2016 watu 22,491 walikufa barabarani nchini Thailand, yaani karibu watu 33 katika kila watu 100,000. Kwa mwaka 2021 hesabu yao ilikuwa watu 18,218. Imepungua, walakini hebu igawe kwa siku 365: ni watu wapatao 50 kila siku, sawa na darasa letu zima pamoja na mwalimu wake. Karibu robo tatu ya wanaokufa ni watu wa pikipiki na wa vyombo vya magurudumu matatu.

Je, wanakufa kwa kuwa hakuna sheria? La, sheria ipo. Sheria yao kubwa ya barabarani ni ya mwaka 1979, nayo imerekebishwa mara nyingi. Mwendesha pikipiki sharti avae kofia ngumu, na abiria wake vile vile. Mlevi haruhusiwi kuendesha. Taa nyekundu maana yake simama. Hapana dereva wa Bangkok asiyeyajua hayo. Tena mtu asidhani kwamba watu wa huko ni wakaidi kwa tabia. Wao ni watu wa adabu sana. Hukutanisha viganja viwili mbele ya kifua na kuinamisha kichwa wanapomwamkia mkubwa, na dereva aliyesimamishwa huweza kumwamkia askari vivyo hivyo. Lakini akishaondoka hapo na kuikunja kona, huivua kofia yake akaitundika kwenye usukani. Heshima aliyoionyesha ilikuwa ya askari aliyesimama pale. Ya sheria hakuwa nayo.

Chanzo kimoja ni utaratibu wa kulipa faini. Kwa miaka mingi ulikuwa hivi: askari akimkamata dereva humwandikia karatasi na kuichukua leseni yake, naye dereva sharti aende kituo cha polisi kulipa ndani ya siku 7 ndipo arudishiwe leseni. Sasa mfikirie mtu wa teksi katika foleni za Bangkok, ambazo ni maarufu duniani. Kwenda kituoni ni kupoteza nusu siku ya kazi. Noti ya baht 100 iliyokunjwa vizuri humaliza shauri palepale. Dereva aona amepata nafuu, na askari ambaye mshahara wake ni mdogo aona naye amepata. Aliyepata hasara ni yule mtu wa tatu, atakayegongwa kesho na dereva aliyejifunza kwamba kosa lina bei.

Hapa nilikuta jambo lililonifanya nicheke peke yangu maktabani mpaka nikakemewa. Watu wa Thailand wana jina la upole kwa pesa za namna hiyo. Huziita pesa za maji moto na maji ya chai. Basi maelfu ya maili kutoka kwetu, kwa lugha isiyo na undugu wowote na Kiswahili, nao pia huita hongo chai! Hata neno lenyewe ni moja, kwa kuwa wao husema “cha” na sisi “chai”, na yote mawili asili yake ni Kichina. Zaidi ya hayo, wana msemo wa zamani wa “kula mji”, uliotumika kwa maliwali waliojilipa wenyewe kutokana na watu waliowatawala. Nasi twasema fulani amekula. Mwalimu alituambia tuangalie kwamba jina tamu halipunguzi kitu. Huwafanya tu watu wasione haya.

Chanzo cha pili ni kigumu zaidi kueleza. Watu wa huko wana neno “kreng jai”. Maana yake ni kumstahi mtu, hasa mkubwa wako, hata uone haya kumsumbua. Ni tabia njema nyumbani. Lakini mvalishe askari tabia hiyo, kisha umpelekee gari la bei kubwa lenye mtoto wa tajiri ndani yake, uone atafanya nini. Septemba 2012 askari polisi mmoja aliyekuwa kazini juu ya pikipiki aligongwa na kuuawa alfajiri katika barabara ya Sukhumvit, Bangkok, na gari la Ferrari. Aliyeshitakiwa kuliendesha alikuwa kijana wa familia tajiri yenye hisa katika kinywaji cha Red Bull. Aliitwa mara nyingi asitokee. Shitaka la mwendo wa kasi likafa kwa kupitwa na muda mwaka 2013. Mwaka 2017 akaondoka nchini. Julai 2020 ilipojulikana kwamba mashitaka yamefutwa, nchi nzima ilikasirika, hata hati ya kumkamata ikatolewa upya. Ikiwa polisi hawakuweza kumpatia haki askari wao wenyewe, dereva wa pikipiki aliyetozwa faini kwa ajili ya kofia ataona faini yake ni haki kwa sababu gani?

Naomba nikiri jambo. Mimi ni kiranja wa bweni. Mwaka jana niliandika majina ya watoto watatu wa Kidato cha Kwanza waliozungumza baada ya taa kuzimwa. Kitandani pa nne alikuwapo rafiki yangu, naye alizungumza kuliko wote, lakini jina lake sikuliandika. Watoto wale walifagia uwanja kwa siku tatu. Hawakunilaumu kwa neno hata moja. Waliendelea kuniita “kaka kiranja” kwa adabu zote. Ila tangu siku hiyo, nikiingia bwenini nawasikia wakinyamaza, na nikitoka nawasikia wakianza tena. Niliposoma habari za Bangkok nilielewa kunyamaza kule kulikuwa kwa namna gani.

Serikali ya Thailand haikukaa bure. Walitengeneza sanamu za askari wa barabarani, zenye sare kamili, wakazisimamisha kando ya njia ili madereva wapunguze mwendo. Watu wakazipa jina Ja Choey, ndiyo kusema Sajini Kimya. Mwaka 2007 kikosi kimoja cha polisi huko Bangkok kilitangaza kwamba askari wake watakaochelewa kazini au kuegesha gari palipokatazwa watavishwa mkononi kitambaa cha waridi chenye picha ya Hello Kitty, yule paka wa watoto. Dunia nzima ilicheka. Mimi sioni kama ni kichekesho kitupu, maana angalau raia waliambiwa kwamba askari naye hukosea na huadhibiwa. Mwaka 2014 askari wa barabarani waliokataa hongo walipewa zawadi ya baht 10,000. Hilo silipendi sana. Ni kama kumtunza mpishi kwa kuwa hakuiba nyama.

Kisha kukatokea jambo la Januari 2022. Daktari mmoja wa macho, mwanamke, alikuwa akivuka barabara ya Phaya Thai mjini Bangkok, juu ya mistari ya pundamilia hasa, akagongwa na pikipiki kubwa akafa. Mwendeshaji alikuwa askari polisi asiyekuwa zamu. Safari hii alipelekwa mahakamani na mwaka uleule akahukumiwa kifungo. Septemba 2022 faini ya juu kabisa kwa asiyesimama kwenye kivuko, anayepita taa nyekundu au anayezidisha mwendo ilipandishwa kutoka baht 1,000 hadi 4,000. Na tangu Januari 2023 kila dereva ana alama 12. Kosa kama kutovaa kofia huondoa alama 1, taa nyekundu alama 2, na makosa mazito hadi alama 4. Zikiisha zote, haruhusiwi kuendesha kwa siku 90.

Nilipofika hapo darasani nilisema kwamba dawa ni kamera na alama, kwa kuwa kamera haimstahi mtu wala hainywi chai. Mwenzangu mmoja alijibu kwamba karatasi za kamera nyingi huko hazikulipwa kamwe, naye alisema kweli. Lakini aliyenishinda ni mwalimu. Nilikuwa nimetaja kwa kupita tu kwamba mwaka 1993, kwa fedha alizotoa Mfalme Bhumibol, kilianzishwa kikosi cha askari wa pikipiki cha kusaidia watu waliokwama katika foleni, na kwamba askari hao hufundishwa hata kuzalisha. Watoto wengi wamezaliwa mikononi mwao, ndani ya teksi, njiani kwenda hospitali.

“Na askari huyo,” mwalimu akauliza, “kesho akimsimamisha dereva yuleyule wa teksi na kumwandikia faini, dereva atamtolea noti?”

Nilifikiri sana. Kengele ikalia kabla sijajibu, na mpaka leo mwalimu hunikumbusha kwamba nina deni lake.