Somo: Tuangalie filamu kwa macho ya amani



Katika somo hili tunaongea juu ya filamu kubwa za Hollywood, huko Marekani. Wengi wetu tulizizoea tulipokuwa wakimbizi Tanzania, kabla ya kuanza kurudishwa Baraka kwa meli kutoka Kigoma mwaka 2005. Leo watoto wetu wa Fizi na Baraka wanaziangalia katika nyumba za video na kwenye simu. Hatusemi kwamba filamu ni mbaya. Tunasema kwamba anayeangalia bila kuuliza anafundishwa bila kujua.

Mfano wa kwanza: Blood Diamond

Filamu hii ilitoka mwaka 2006 na iligharimu takriban dola milioni 100. Inasimulia vita vya Sierra Leone. Solomon Vandy ni mvuvi, kama wavuvi wengi wa ziwa letu. Waasi wanamkamata na kumchimbisha almasi. Mke wake na binti zake wanakimbilia kambi nchini Guinea, na mtoto wake wa kiume anafundishwa kuua.

Kuna jambo zuri ndani yake. Siku mtoto anapomwelekezea baba yake bunduki, baba hamlaani. Anamwita kwa jina, anamkumbusha shule, mpira, na mama anayemngoja nyumbani. Mtoto anashusha silaha. Wazazi, hapo pana somo kubwa kwa jamaa ambazo watoto wao walipita katika makundi yenye silaha.

Lakini filamu ina kasoro mbili. Kwanza, shida ni ya Solomon, ila anayepewa nafasi kubwa ni mzungu mfanya magendo, aliyeigizwa na Leonardo DiCaprio. Wananchi wengi wa Sierra Leone wanaonekana wakikimbia au wakiua. Mwezi wa tano mwaka 2000, wanawake na raia wengine wa Freetown waliandamana hadi nyumbani kwa Foday Sankoh, kiongozi wa waasi, wakidai amani. Ujasiri wa namna hiyo hatuuoni katika filamu.

Pili, anayeiangalia anaweza kudhani almasi ndiyo iliyoleta vita. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo ilisema mwaka 2004 kwamba almasi zilichochea moto, lakini mzizi ulikuwa utawala mbaya, rushwa na watu kunyimwa haki zao. Sisi tunaoijua dhahabu ya Misisi tufikiri vizuri hapo. Tukisema «ni dhahabu tu» au «ni kabila lile tu», tunakata tawi na kuacha mzizi.

Mfano wa pili: Black Panther

Hii ya mwaka 2018 iligharimu takriban dola milioni 200. Ilifurahisha watu wengi kwa sababu inaonyesha nchi ya Kiafrika, Wakanda, inayotawala madini yake yenyewe. Lakini kiti cha ufalme kinaamuliwa kwa kupigana. Killmonger, ambaye baba yake aliuawa na ndugu yake mwenyewe, mfalme wa Wakanda, anarudi na malalamiko ya kweli. Hata mbele ya baraza, malalamiko yake yanaishia kwenye pigano. Anachomwa kisu, kisha mfalme mpya anaanza kutengeneza aliyolalamikia. Je, hayo hayangewezekana kabla ya damu?

Maswali ya kujadili

Viongozi, walimu na wazazi, filamu ikiisha msiwaache vijana waondoke hivi hivi. Kaeni nao mwulizane:

1. Nani anapewa nafasi ya kusema, na nani hasikiki?
2. Vita vimetokana na nini? Filamu imeonyesha mzizi au tawi?
3. Baada ya adui kufa, nani anazika wafu, nani anarudisha mashamba, nani anapatanisha majirani?

Swali la tatu ndilo letu hasa. Filamu inakwisha kwa saa mbili. Nchini Sierra Leone, baada ya risasi kulikuwa bado na kazi ya kunyang'anya silaha wapiganaji zaidi ya 70,000 na kuwarudisha katika vijiji walivyovitendea mabaya. Kazi hiyo haina shujaa mmoja. Inataka Mbembe, Mfuliru, Munyamulenge na wengine wote waketi pamoja.

Tuangalie, tufurahi, lakini tuulize.