SOMO: JOTO LA MWILI NA KAZI YA GHALANI

Chakula huchomwa mwilini kikatoa joto, na misuli ifanyapo kazi joto huzidi. Hata hivyo mwili hauna budi kubaki karibu na nyuzi 37. Joto la ziada hutoka kwa ngozi, pumzi na jasho. Jasho hupoza linapokauka.

Huko Shelui, chini ya mlima Sekenke, mchukuzi wa pamba aliye katika ghala la bati lisilopitisha upepo hulowa jasho bila kupoa. Akianza kuweweseka, maisha yake yamo hatarini. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, na afikishwe kituo cha afya upesi.

Yampasa katibu afungue madirisha kabla ya kupima pamba, na maji ya kunywa yawekwe karibu na mizani.