Mmestaafu na Gari Lipo: Kutoka Ijuganyondo Hadi Serengeti Bila Haraka

Wengi wanaostaafu hapa Manispaa ya Bukoba, na huku kwetu Ijuganyondo hali ni hiyohiyo, hubaki na vitu viwili ambavyo wakiwa kazini hawakuwahi kuwa navyo kwa pamoja: muda, na gari ambalo halidaiwi. Gari lenyewe huishia kwenda kanisani, misibani na shambani. Makala haya ni ya mume na mke wanaojiuliza kama gari hilohilo linaweza kuwafikisha Serengeti na kuwarudisha nyumbani, bila kumpigia simu mtoto aliyeko Dar es Salaam aongeze pesa. Linaweza, mradi mwende polepole. Kijana mwenye likizo fupi hulipa pesa ili aokoe muda. Ninyi mna muda, basi utumieni kuokoa pesa.

Kuna nchi ambako jambo hili limekuwa desturi. Australia, wastaafu maelfu kwa maelfu hufunga nyumba zao za kusini kila mwaka, wakakokota karavani, yaani kijumba cha magurudumu chenye kitanda na jiko, wakaelekea kaskazini ya joto: Cairns, Darwin, Broome, na Hifadhi ya Kakadu ambayo kwa ukubwa inaizidi Serengeti. Huenda mume na mke peke yao, kwa miezi. Kinachofaa kuigwa kwao ni kalenda yao, wala si kile kijumba. Kaskazini mwa Australia mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili na barabara hufunikwa na maji, kwa hiyo wazee wale hutembea kiangazi tu, kati ya Mei na Oktoba.

Kwetu pia kiangazi ndiyo safari. Kagera ina masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Lengeni Juni hadi Septemba. Juni ina faida ya ziada: nyumbu wanaohama huwa mara nyingi wako upande wa magharibi wa Serengeti, karibu na mto Grumeti, na huo ndio upande wetu wa kuingilia. Ardhi ya huko ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukiwa mkavu, gari dogo linapita. Ukilowa, hata gari kubwa hunasa. Mkichelewa hadi vuli, bakini nyumbani mle senene.

Je, tununue karavani? Hapana. Kukokota tela kwenye vumbi na makorongo ni kazi ya vijana, na vituo vya kuunganishia maji na umeme kama vya Australia hatunavyo. Gari la familia aina ya Noah latosha kabisa: toeni viti vya katikati na vya nyuma, lazeni godoro la sponji, mna chumba cha dharura. Nasema cha dharura kwa sababu sishauri kulala ndani ya gari kando ya barabara, hata sehemu inayoonekana tulivu. Laleni gesti yenye uzio na mlinzi, au hosteli za majimbo ya kanisa, ambazo kwa kawaida ni safi, hazina muziki wa usiku, na hupokea mtu wa dini yoyote. Chumba chenye choo ndani katika miji midogo kadirieni shilingi 25,000 hadi 40,000. Ombeni cha chini, msipande ngazi na mizigo.

Gari likaguliwe wiki mbili kabla ya safari, si jana yake. Fundi aangalie breki, mkanda wa injini, maji ya rejeta, na tairi zote tano. Ile ya akiba ndiyo husahauliwa. Muwe na jeki, spana ya magurudumu, pembetatu mbili za kuakisi na mtungi wa kuzimia moto usiopitwa na tarehe. Leseni ya udereva hudumu miaka mitano na kuihuisha ni shilingi 70,000. Bima ndogo ya gari la binafsi, ile inayomlinda mtu mtakayemgonga na si gari lenu, ni shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Kwa safari hii ningependa muwe na bima kubwa, kwa sababu ng'ombe wa njiani hana bima. Ikitokea askari wa usalama barabarani amewaandikia kosa, faini ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu au benki, haiwekwi mkononi mwa mtu.

Afya ipangwe kama gari lilivyopangwa. Mwenye presha au kisukari apime kabla ya kuondoka, na abebe dawa za siku mara mbili ya zile za safari, zikiwa zimegawanywa katika mifuko miwili, ili mmoja ukipotea mwingine uwepo. Wapo wazee wanaoacha dawa ya presha inayokojosha eti wasisumbuke njiani. Hilo ni hatari. Simameni kila baada ya saa mbili, mtembee kidogo, mjisaidie, mnyooshe miguu isivimbe. Anayetumia insulini aiweke ndani ya kibuyu cha chai chenye mdomo mpana au kiboksi cha baridi, isikae kwenye dashibodi. Mstaafu wa serikali aliye mwanachama wa NHIF abebe kadi yake na ya mwenzake. Hospitali za kukumbuka njiani ni Rubya wilayani Muleba, hospitali ya wilaya Biharamulo, hospitali ya rufaa ya kanda Chato, na Bugando jijini Mwanza. Chandarua msikiache. Mikoa hii yote ya ziwa ina malaria, na vyandarua vya gesti nyingine vina matundu ya kupita njiwa. Kuoga au kukanyaga maji ya ziwa kwenye nyasi za ufukweni ni kutafuta kichocho.

Sasa njia yenyewe. Siku ya kwanza isiwe ndefu. Kabla ya kutoka mjini, anayependa apite Kanisa Kuu la Bukoba, alipozikwa Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kupewa ukardinali katika enzi zetu, mwaka 1960. Mkifika Muleba laleni hapo, ingawa mnajua fika kwamba mngeweza kufika Mwanza siku hiyohiyo. Jioni ya kwanza ndiyo huonyesha kilichosahaulika, na kutoka Muleba bado mnaweza kukirudia. Tena pandeni juu Kamachumu mkatazame ziwa. Wengi wetu tumezeekea mkoa huu tunapajua kwa jina tu.

Kutoka Ijuganyondo hadi Biharamulo ni kama kilomita 180 za lami. Kati ya Muleba na Biharamulo mtapita pori la Kasindaga, ambalo kwa miaka mingi liliogopwa kwa majambazi hadi mabasi yakawa yanasindikizwa na polisi wenye silaha. Hali imetulia sana, lakini kanuni ya mzee iwe ileile: saa kumi jioni gari liwe limeegeshwa. Macho ya miaka 60 hayapendi taa za malori usiku. Biharamulo kuna boma la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20, ambalo bado limesimama.

Hapo mko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Ina kilomita za mraba 4,707, twiga, pundamilia, viboko na ziwa Burigi lenyewe. Ni hifadhi changa, barabara za ndani bado ni chache, kwa hiyo pigeni simu TANAPA, yaani shirika la hifadhi za taifa, mwulize lango gani linapitika kwa gari lenu. Vaeni kaki au rangi ya majani makavu. Nguo nyeusi na za bluu iliyokolea huwavuta mbung'o, na mbung'o hueneza malale.

Kisiwa cha Rubondo kiko upande huohuo, mkabala na Chato. Kimekuwa hifadhi tangu 1977, na kina sokwe ambao wazazi wao waliletwa kati ya 1966 na 1969, baadhi wakitoka bustani za wanyama za Ulaya. Ni pazuri mno, ila boti ndiyo hula pesa. Ulizeni bei ya boti kwanza, na kama kuna kundi la kuchangia nalo. Mkikuta ni ninyi wawili tu, ningeiacha.

Kutoka Biharamulo mnapita Chato, mkashika Geita, Sengerema, hadi Busisi. Zamani hapa ndipo safari ilipoharibika: foleni ya kivuko, jua, na wachuuzi wa karanga. Tangu tarehe 19 Juni 2025 kuna Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na mnavuka kwa dakika chache. Kwa jumla kutoka Bukoba hadi Mwanza ni kama kilomita 420. Mkiwa Mwanza pumzikeni usiku mbili au tatu. Kisiwa cha Saanane, hifadhi ndogo kabisa ya taifa, kiko dakika chache kwa boti kutoka mjini, na makumbusho ya Wasukuma yako Bujora, Kisesa, kwenye njia yenu ya kwenda Musoma.

Lango la Serengeti linalotufaa ni Ndabaka, kama kilomita 140 kutoka Mwanza. Laleni Lamadi, mwamke alfajiri. Malango hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki aliye mtu mzima ni shilingi 10,000, na VAT ya asilimia 18 inakifikisha shilingi 11,800. Bebeni vitambulisho vya taifa, kwa sababu bila uthibitisho wa uraia mnaweza kutozwa kwa dola. Gari hulipiwa peke yake kulingana na uzito, na lenye namba za Tanzania hulipa kwa shilingi. Fedha taslimu hazipokelewi langoni, kwa hiyo salio la simu liwe tayari. Viwango hurekebishwa mara kwa mara, hivyo thibitisheni na TANAPA wiki ya safari. Msihangaike kufika Seronera katikati ya hifadhi siku hiyohiyo. Kuzunguka upande wa Grumeti na kutokea Ndabaka tena jioni kunatosha. Msishuke kwenye gari, na mifuko ya plastiki ibaki nyumbani, imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019.

Inagharimu kiasi gani yote haya? Chukueni kilomita 1,500 kwenda, kurudi na mizunguko. Gari linalotumia lita moja kwa kilomita 10 litahitaji lita 150, na tukikadiria shilingi 3,000 kwa lita ni shilingi 450,000. Bei kikomo ya mafuta hutangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Iangalieni kabla ya kujaza tangi. Usiku kumi wa gesti kwa shilingi 30,000 ni 300,000. Ongezeni viingilio, chakula, na akiba ya tairi au hospitali, mtakuta kama milioni moja na laki mbili kwa wawili. Mkibeba mtungi wa gesi wa kilo 6, sufuria mbili na mkungu wa ndizi kutoka kibanjani, chakula hushuka sana. Pesa hiyo itoke kwenye pensheni ya mwezi iliyowekwa kidogokidogo kwa mwaka mzima, isiguse kiinua mgongo. Na uhakiki wa pensheni uwe umekamilika kabla hamjaondoka, malipo yasije yakasimama mkiwa Lamadi.

Nyumbani mwarifuni mwenyekiti wa mtaa na jirani mnayemwamini, mwacheni mtu wa kuangalia kibanja. Wakati wa kurudi najua wazee wetu: mtatamani kubeba machipukizi ya migomba mliyoyaona njiani. Yaacheni. Mnyauko wa migomba uliingia Kagera mwaka 2006 kupitia Muleba, na huenea kwa mbegu na visu vya namna hiyo. Mmoja wenu akichoka na barabara, anaweza kupanda meli Mwanza jioni, akashuka Bukoba asubuhi, mwingine akarudi na gari akiwa na ndugu.

Kama bado mna wasiwasi, fanyeni jaribio mwezi mmoja kabla. Ondokeni Ijumaa asubuhi, mlale Muleba usiku mmoja, mrudi Jumamosi. Bebeni kila kitu kana kwamba mnakwenda Serengeti. Andikeni mafuta mliyotumia, dawa iliyosahauliwa, mgongo ulianza kuuma baada ya saa ngapi, na nani kati yenu hakulala kwa sababu ya godoro.