Kichupa Kinachong'aa: Kipimo cha Makohozi Huanzia Kwako



Kama unakaa Kendwa au Nungwi, bila shaka umeshaiona bahari ikimetameta usiku ukitia kasia majini. Mwanga ule hutengenezwa na viumbe wadogo wa baharini wenyewe. Lakini upo mwanga wa namna nyingine. Weka noti chini ya ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Utaona alama fulani zinang'aa. Zima taa, nazo zinazimika. Kitu kupokea mwanga wa aina moja na kutoa wa rangi nyingine huitwa fluoresensi.

Je, wajua kwamba mwanga huu husaidia kugundua kifua kikuu, yaani TB?

Kichupa hufanyaje kazi?

Siku hizi mtu anayekohoa mara nyingi hupimwa kwanza kwa mashine ya GeneXpert, na jibu hutoka kwa karibu saa mbili. Mashine hiyo hutafuta chembe za urithi za kijidudu cha TB, hata kama kijidudu chenyewe kimeshakufa. Daktari akitaka kujua kama vijidudu bado viko hai, au ni dawa gani zinazoviua, makohozi huoteshwa maabara.

Makohozi hutiwa katika kichupa chembamba chenye chakula cha vijidudu. Chini ya kichupa pamegandishwa rangi maalumu. Oksijeni ikiwepo ya kutosha majini, rangi hiyo haing'ai hata ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Vijidudu vikiota, hupumua na kuimaliza oksijeni. Hapo rangi huanza kung'aa kama chungwa. Mashine hutunza vichupa kwenye joto la nyuzi 37 na kuvisoma kila saa, hadi siku 42. Kisichong'aa mpaka siku hiyo huhesabiwa hakina TB.

Sasa zingatia hapa. Mashine haioni TB! Inaona kwamba oksijeni imepungua, basi. Kwa hiyo kitu chochote kinachokula oksijeni kitaiwasha, na chochote kinachozuia vijidudu kuota kitaiacha gizani.

Nini huharibu kipimo?

1. Wageni wasioalikwa. Kinywani mna bakteria wengi. Kijidudu cha TB kina mwendo wa kobe, huchukua karibu siku nzima kugawanyika kuwa viwili. Bakteria wengine hugawanyika kwa chini ya saa moja. Kopo likikaa juani, au likisafiri kwa daladala mchana kutwa hadi mjini, wageni hao huzaana na kichupa kitang'aa kwa ajili yao.

2. Dawa ya kusafishia. Ili kuwaua wageni, maabara huchanganya makohozi na magadi makali ya sodiamu haidroksaidi. Yakizidi nguvu au muda, hata vijidudu vya TB hufa. Kichupa kitabaki giza ilhali mgonjwa anaumwa.

3. Dawa ulizokwishameza. Wengi wetu tukikohoa tunakimbilia duka la dawa. Baadhi ya antibiotiki, kama siprofloksasini, huvidhoofisha vijidudu vya TB bila kukuponyesha. Vitachelewa kuota au havitaota kabisa.

4. Mate badala ya makohozi. Mate huwa na vijidudu vichache mno, au hayana hata kimoja.

5. Joto na hewa. Joto likishuka, vijidudu husinzia. Kifuniko kikilegea, oksijeni mpya huingia na mwanga hufifia. Hebu fikiria: mwaka 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila umeme wa gridi, na tena kwa karibu miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Maabara isiyo na jenereta haiwezi kuotesha kitu siku kama hizo.

Ndiyo maana kichupa kikishang'aa, mtaalamu hasemi papo hapo, "Huyu ana TB". Hutia tone la majimaji yake rangi na kulitazama kwa hadubini, kisha huhakikisha ni kijidudu gani hasa.

Wewe ufanye nini?

Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, nenda kituo cha afya. Fanya hivyo hata mapema ukiona unapungua uzito, unatoka jasho usiku au unakohoa damu. Usione haya. TB si kurogwa, na matibabu yake ni bure. Ukipewa kopo:

- Sukutua kinywa kwa maji safi.
- Toka nje penye hewa, mbali na watu.
- Vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka kifuani. Mate hayatoshi.
- Funga kifuniko barabara, weka kopo kivulini, lipeleke siku ileile.
- Mwambie mhudumu dawa zote ulizotumia, hata zile ulizopewa na jirani.

Jambo la mwisho ni hili. Kuna TB sugu, isiyosikia dawa za kawaida. Hapa Tanzania wagonjwa wake walianza kutibiwa mwaka 2009 katika hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro. Ili ijulikane, lazima kipimo kiwe sahihi. Kopo lililojazwa vibaya laweza kumpotezea mgonjwa wiki sita, na wiki hizo anaendelea kukohoa nyumbani, wadogo zake wakilala chumba kimoja naye.

Jadilini skulini

1. Kichupa kimeng'aa siku ya pili tu. Je, yaelekea ni TB? Kwa nini?
2. Kichupa hakikung'aa kwa siku 42, lakini mgonjwa bado anakohoa na kukonda. Tajeni sababu tatu zinazoweza kuwa chanzo.