Kalibu ya Chubwi Inapopishana

Wavuvi wa mshipi wanaojimiminia chubwi za risasi katika kalibu ya alumini wanaijua kasoro hii: chubwi inatoka na kidaraja kwenye mshono, nusu moja imesogea, nyingine imebaki. Msiitupe kalibu. Mara nyingi hurekebishika nyumbani.

Anza na usafi. Tone la risasi lililoganda usoni au ndani ya tundu la pini inayozilinganisha nusu mbili latosha kuzizuia zisikutane. Likwangue kwa kijiti cha mti mgumu. Bisibisi na msasa viweke mbali, kwa kuwa alumini ni laini na mkwaruzo wake hautoki.

Kisha zivue nusu kwenye mipini, zifunge kwa mkono, uzitazame kwenye mwanga. Zikikaa sawa mkononi lakini zikapishana kwenye mipini, kosa ni la mipini: bolti imekazwa mno au mpini umepinda. Legeza mpaka nusu icheze kidogo, ijitafutie mahali pake.

Zikipishana hata mkononi, kazi iko kwenye pini. Pini iliyozama haiingii vya kutosha katika tundu la nusu ya pili; iliyochomoza mno hugota kabla nyuso hazijakutana. Bana nusu kwenye jiliwa, katikati ya vipande viwili vya mbao, uigonge pini kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha shaba. Gonga mara moja, jaribu. Funga nusu, zisukume huku na huku kwa vidole gumba. Zikitembea, irudishe pini nje kwa kuigonga kutoka nyuma, kama tundu limepenya. Zikigoma kufunga, izamishe. Usiwe na haraka hapa: tundu likishapanuka, pini haishiki tena, na itabidi fundi wa mashine atoboe upya na kuweka pini nene zaidi.

Sasa mimina, nje penye upepo, ukiwa na miwani, glavu na viatu vya kufunika. Kalibu iwe kavu kabisa. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Tone la maji likikutana nayo hugeuka mvuke ghafla na kuirusha usoni. Chubwi za mwanzo zitatoka na mikunjo kwa sababu kalibu ni baridi; ziyeyushe tena, uukague mshono wa zinazofuata.

Sufuria uliyoyeyushia isirudi jikoni kamwe. Osha mikono kwa sabuni, badilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto: risasi huharibu ubongo wa watoto, hata ikiwa kidogo.