Makazi Yafaayo kwa Kobe Afugwaye

Katika vijiji vya Marambo, yaani Nachingwea na Ruangwa, kobe huokotwa aghalabu wakati wa kutayarisha mashamba, majani yanapofyekwa na kuchomwa. Watoto humchukua nyumbani, na pengine gamba lake hutobolewa tundu likatiwa kamba ili asipotee. Yafaa ieleweke ya kwamba gamba si koti alilolivaa kobe. Mbavu zake na uti wa mgongo vimeungana nalo, nalo lina mishipa ya damu na ya fahamu. Kulitoboa ni kumtoboa kobe mwenyewe.

Kabla ya makazi ipo sheria. Kobe wa porini ni mnyamapori, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hapana ruhusa ya kumkamata wala kumfuga bila kibali. Asiye nacho amwache alipomkuta.

Mwenye kibali na ajiulize kwanza: kobe yupi? Kobe wa nchi kavu ana miguu minene mfano wa tembo na mgongo ulioinuka. Akitiwa katika maji ya kina huzama. Kobe wa mabwawani ni bapa, ana utando baina ya vidole, na aogopapo huikunja shingo upande. Huyu bila maji ya kuogelea hudhoofika. Hata wa nchi kavu si wamoja. Mkubwa mwenye madoa kama chui hula majani, na yule mdogo, ambaye gamba lake la mgongo lina bawaba kwa nyuma, huongeza uyoga, konokono na majongoo. Ugali si chakula chao.

Zizi lijengwe nje, kwa mawe au matofali, kimo cha goti. Wavu haufai, kwa maana kobe aonaye ng'ambo husukuma kutwa hadi pua ikachubuka. Nusu ya zizi ipate jua, nusu kivuli, kwani mwili wa kobe hupata joto lake kutoka nje. Tena mionzi ya jua humwezesha kutengeneza vitamini D, ambayo bila hiyo chokaa iliyomo katika chakula haijengi mfupa. Mtoto wa kobe afungiwaye ndani, hata karibu na dirisha la kioo, gamba lake hulainika, maana kioo huizuia mionzi hiyo. Sahani pana ya maji ifukiwe usawa wa ardhi, kina kisipite kidevu chake.

Kiangazi ndicho kiwatatizacho wengi. Mvua za Marambo ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Zikiisha, kobe mwenye bawaba hujificha chini ya majani makavu, asile wala asitembee kwa majuma mengi. Watu humdhania mgonjwa, wakamfukua kila siku. Aachiwe kona yenye udongo laini na lundo la majani. Aliye mgonjwa hasa hutambulika kwa macho yaliyovimba na kamasi puani.

Mlango nao uwe na kufuli. Kisiwani Changuu, Zanzibar, kobe wanne wa Aldabra walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919 walizaana wakafikia kiasi cha 200 mwaka 1955. Wizi ukawapunguza hata wakabaki 7 mwaka 1996.

Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, kwani kobe mwenye afya huweza kubeba vijidudu vya salmonela, na watoto wadogo ndio waumiao zaidi.